Jivu kwenye Milimau ya Ismahan

Mutanu alikuwa na tabia ya kushukuru kabla ya kupokea. Wingu likijitokeza upande wa Mbooni, yeye alikuwa ameshasema asante, hata kama mvua yenyewe iliishia huko huko milimani na Kathonzweni ikabaki kavu. Majirani walimcheka. "Wewe mama utashukuru hata ukifungiwa mlango," walimwambia. Naye aliwajibu kwamba mlango uliofungwa angalau una nyumba nyuma yake.

Kwa hivyo alipopata kazi kwenye bustani ya umma mjini Kitui, akiwa na miaka hamsini na sita, alishukuru mpaka maneno yakamwishia. Alikuwa amehama Kathonzweni na kuja kukaa kwa bintiye Kalekye baada ya misimu mitatu ya kupanda bila kuvuna. Tangu aolewe hakuwa amejua kazi nyingine ila ya jembe: ndengu, mtama, mahindi, na jua juu ya mgongo. Sasa alipewa mpira wa maji, ufagio na kivuli. Na kivuli chenyewe kilikuwa ndani ya nyumba ya vipepeo.

Nyumba hiyo ilikuwa ya wavu kuanzia juu hadi chini, na ilikuwa na milango miwili. Ulipaswa kufunga wa kwanza kabla ya kufungua wa pili, wasije wakatoroka. Ndani kulikuwa na joto lenye unyevu, kama jikoni wakati sufuria ya githeri inapofunuliwa. Vipepeo waliruka kila mahali, wageni kutoka misitu ya Pwani na wengine kutoka Kakamega. Walikuwepo weusi wenye mikia, weupe kama karatasi, na wengine wa buluu kuliko sare ya kwaya ya kanisa lao. Kando ya ukuta kulikuwa na makabati ya vioo yenye wadudu wengine: vunjajungu aliyekunja mikono, mende mwenye pembe kama kifaru, na wadudu walioiga vijiti ambao watoto wa shule hawakuwaona hata kidogo mpaka kijiti kimoja kilipoanza kutembea, ndipo wote wakapiga kelele.

Siku yake ya kwanza, kipepeo wa buluu alitua kwenye kilemba chake. Mutanu alisimama bila kutikisika hadi mguu mmoja ukafa ganzi.

"Mama Kiema!" Musyimi, askari wa lango, alimwita kwa jina la kifungua mimba wake, kutoka nje ya wavu. "Umeajiriwa ufagie au umeajiriwa uwe mti?"

"Nyamaza wewe. Niko kwenye maombi."

"Basi mwambie Mungu kuna majani hapa langoni yanangoja mti huo uje na ufagio."

Musyimi alikuwa mtu wa kanisa moja naye, na ulimi wake haukujua kupumzika. Alikuwa amelinda lango lile miaka saba. Kila saa nne asubuhi aliwasha jiko lake dogo nyuma ya bustani, karibu na ukuta wa wavu, akachoma hindi, na nusu yake akamletea Mutanu. Jivu alilimwaga papo hapo ukutani. Bwana Mbuvi, msimamizi wa bustani, alikuwa amemkataza mara mbili kuwasha jiko pale. Mara zote mbili Musyimi alisema ndiyo mkubwa, na mara zote mbili alilihamisha hatua tatu.

Mwenye vipepeo hasa alikuwa Ismahan, msichana aliyesomea wadudu huko Pwani. Alikulia Makindu, ambako baba yake, Mzee Salat, ana duka, na Kikamba chake kilikuwa safi kuliko cha wajukuu wa Mutanu. Alimwita Mutanu mama, naye Mutanu alimwita mwalimu, ingawa angeweza kumzaa.

Mutanu alipenda kumtazama mwalimu akipokea wageni wake. Walikuja kwa basi, ndani ya kiboksi, wamelazwa kwenye pamba. Hawakuwa vipepeo bado. Walikuwa vifuko vigumu, vingine vya kijani, vingine vya rangi ya udongo, mfano wa mbegu kubwa. Ismahan alivining'iniza kwenye fito kimoja kimoja, na baada ya siku kadhaa kila kifuko kilipasuka, kikatoa kipepeo aliyekunjamana kama nguo iliyotoka kukamuliwa. Mutanu akajua basi kwamba vipepeo huanza kwa mbegu. Mbegu ilitoka wapi, hakuuliza. Mtu mwenye furaha hana maswali mengi.

Alhamisi moja Ismahan alimjia mbio, mkoba begani. Dada yake alikuwa anaolewa Makindu na gari lilikuwa likimngoja langoni.

"Mama, shika ufunguo wa chumba cha nyuma. Humo ndimo roho yangu ilimo. Kuna milimau kwenye ndoo. Imwagilie maji asubuhi na jioni mpaka Jumatatu. Itunze kama shamba lako."

"Kama shamba langu, mwalimu. Nenda kwa amani. Msalimie bibi harusi."

Mutanu hakuwahi kuingia chumba kile. Kesho yake asubuhi alifungua mlango akiwa ameshashukuru kwa kuaminiwa. Akaona miche kumi na miwili ya milimau imepangwa kwa mistari, na majani yake yameliwa hadi kwenye mishipa.

Viwavi! Wakubwa wa kijani, wanene kama kidole. Wadogo walikuwa na rangi ya mavi ya ndege, wamejibandika juu ya majani bila haya.

Moyo wake ulirudi Kathonzweni mara moja. Ulirudi kwenye ule mwaka ambao viwavi jeshi walimaliza mahindi yake kwa siku nne. Alikuwa amesimama kati ya mistari akiwasikia wakitafuna, sauti ndogo kama ya mvua inayoanza, na mvua yenyewe hakuna. Mwaka huo walikula msaada wa chakula.

"Ngai, Mungu wangu," alisema. "Maskini mwalimu. Roho yake inaliwa naye yuko harusini."

Hakupoteza muda. Alifanya vile mama yake alivyomfundisha, na mama yake alivyofundishwa na mama yake. Aliwachuma wakubwa kwa mkono, mmoja mmoja, akawatumbukiza kwenye kopo la maji ya sabuni. Mmoja alipoguswa alitoa pembe mbili za rangi ya chungwa nyuma ya kichwa chake, zikanuka chungwa lililooza. "Hata pembe unazo!" Mutanu alimwambia, akamtia kwenye kopo kwa nguvu zaidi. Kisha alikwenda kwenye jiko la Musyimi lililopoa, akazoa jivu, akalichanganya na pilipili ya kusaga, akarudi na kulinyunyiza jani kwa jani kwa ajili ya wale wadogo. Aliwanyunyizia Ijumaa, akarudia Jumamosi. Hata kwa mgongo unaouma alikuwa akiimba. Kopo alilimwaga kwenye kitalu cha maua. Alipofunga mlango aliweka kiganja juu yake, akaomba milimau ichipue, na akashukuru kabla kwa furaha ambayo mwalimu angeipata.

Jumatatu alifagia karibu na chumba kile kwa makusudi. Alitaka kuwa karibu asante itakapotoka.

Ismahan aliingia. Alipotoka, mkono wake mmoja ulikuwa na jivu hadi kwenye kifundo, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyepigiwa simu mbaya.

"Nani ameingiza jivu humu?"

Mutanu alifungua kinywa kusema ni mimi. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno.

"Wamekufa," Ismahan alisema. "Watoto wangu wamekufa wote."

"Watoto gani, mwalimu?"

"Vipepeo, mama! Wale viwavi. Wale wakubwa wenye mikia miwili unaowapenda, ndivyo wanavyoanza. Miezi minane nimejaribu kuwafanya wazae hapa Kitui, tusikae tunangoja kiboksi kwenye basi. Miezi minane walikataa. Mara hii ndiyo walikubali." Alijifuta uso, jivu likabaki shavuni. "Wewe ulikuwa unaingia. Uliona nini?"

Mutanu akatazama jivu lile kwenye shavu la binti wa watu.

"Mimi..." alisema. "Mimi nilimwagilia maji."

Haukuwa uongo, na ndiyo maana ulimchoma zaidi. Uongo mzima mtu anaweza kuutema. Ukweli uliokatwa nusu unakwama kooni.

Bwana Mbuvi aliitwa. Alizunguka chumba, akatazama wavu wa ukuta wa nyuma, akatazama kichuguu cha jivu kilichokuwa nje yake. Hakuhitaji kufikiri sana. Musyimi aliletwa kutoka langoni, bado amebeba rungu lake.

"Jivu hili ni la nani?"

"Kama ni jivu, mkubwa, litakuwa langu," Musyimi alisema. "Hakuna mwingine anayepika hapa. Ijumaa kulikuwa na upepo ule wa kubeba mabati." Alichungulia ndani, akaona majani yaliyofunikwa kijivu, na mzaha ukamtoka usoni. "Huenda ni mimi kweli. Mwalimu, nisamehe. Sikujua upepo una mikono hivi."

"Nilikuambia mara ngapi?" Bwana Mbuvi alisema. "Saa kumi uniletee sare na rungu. Nimechoka."

Mutanu alikuwa amesimama hapo hapo na ufagio wake. Aliona jambo moja waziwazi, nalo lilimtisha kuliko hasira ya mtu yeyote. Aliona kwamba angeweza kunyamaza na hakuna ambaye angejua kamwe. Hata aliyeshtakiwa alikuwa ameamini kwamba kosa ni lake.

Saa sita alimkuta Musyimi kwenye kibanda chake anakunja koti la kazi. Alilikunja vizuri, mikono ndani, kama mtu anayelirudisha dukani. Akamwona Mutanu, akajaribu kucheka.

"Miaka saba nimezuia wezi, mbuzi na walevi. Leo nimeshindwa na upepo. Mama Kiema, niombee. Wewe Mungu anakusikia. Sijui nikifika nyumbani nitamwambia nini Mama Muindi."

Mutanu alikwenda nyuma ya matangi ya maji, mahali asipoonekana. Alipiga magoti. Alitaka kuanza na asante, kama alivyozoea miaka yote, lakini asante haikuja. Alitafuta ashukuru kwa lipi. Kwa kazi? Kazi ilikuwa imekaa juu ya shingo ya Musyimi. Kwa kuaminiwa? Alijaribu tena na tena, na kila mara aliona koti lile linakunjwa. Mwishowe alisema tu, "Bwana, mdomo wangu umekufa. Nisaidie." Hakusikia sauti. Alichogundua ni kwamba miguu yake bado ilikuwa mizima, na ofisi haikuwa mbali.

Bwana Mbuvi alikuwa anaandika. Ismahan alikuwa kwenye kiti cha pembeni, chai mbele yake imeota ngozi.

"Musyimi hana hatia," Mutanu alisema akiwa bado mlangoni, kwa sababu alijua kwamba akiketi hataweza. "Jivu nililichukua kwenye jiko lake, hakujua. Nilitia na pilipili. Wale wakubwa niliwachuma kwa mikono hii, nikawaua kwenye maji ya sabuni. Mwalimu, niliona wanakula milimau yako. Kwetu kiwavi ni njaa. Niliwaua nikiimba."

Nje mtoto mmoja alikuwa anamwita mama yake aje amwone vunjajungu.

"Wote?" Ismahan aliuliza.

"Wote niliowaona."

"Asubuhi nilikuuliza, mama. Nilikuuliza kwa mdomo wangu."

"Uliniuliza. Niliogopa uso wako. Halafu nikaona ni rahisi, na hapo ndipo nilipojiogopa mimi mwenyewe."

Bwana Mbuvi aliweka kalamu chini. "Basi nimeelewa. Sare atabaki nayo Musyimi. Ya kwako, mama, utaniletea."

"Ni haki," Mutanu alisema, na akaanza kufungua vifungo vya koti lake la kazi papo hapo.

"Ngoja," Ismahan alisema. Alikuwa anatazama chai yake. "Nilimwambia aitunze milimau kama shamba lake. Hayo ndiyo maneno niliyomwambia, nikakimbilia harusi. Ni shamba gani la Ukambani mtu anafuga viwavi? Sikumwonyesha kiwavi hata mmoja. Nilimpa ufunguo, nikasahau kumpa macho." Akainua kichwa. "Bwana Mbuvi, kama unatoa watu, basi tutoe wawili."

Bwana Mbuvi alipiga meza kwa vidole muda mrefu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa orodha, na mambo haya hayakuwa kwenye orodha. Mwishowe alisema Mutanu abaki, lakini afagie nje mpaka mwezi uishe, na ndani asikanyage bila Ismahan kando yake. Jiko nalo lihamie nyuma ya choo, na safari hii si hatua tatu.

Mutanu alishukuru. Asante ilitoka, nyembamba, kama maji ya kwanza kwenye mfereji uliokaa siku nyingi bila maji.

Lakini Musyimi alipoitwa na kuelezwa, hakucheka. Alichukua koti lake lililokunjwa, akalikung'uta, akalivaa. Kisha akamgeukia Mutanu.

"Ulinitazama nikikunja koti," alisema. Akaenda zake langoni.

Jumanne asubuhi Mutanu alipita langoni. "Umeamkaje, Baba Muindi?" Musyimi alitazama barabara. Jumatano vile vile. Kwao Ukambani kunyimwa jibu la salamu ni kuambiwa kwamba hukupita. Hindi la saa nne lilichomwa nyuma ya choo na kuliwa lote huko huko. Mutanu hakumlaumu. Alhamisi alimsalimia tena, kwa sauti ile ile, asiongeze wala asipunguze. Ijumaa pia.

Wakati huo Ismahan alimwita chumba cha nyuma na ndoo mbili za maji safi, wakaanza kuosha milimau, jani moja baada ya lingine, kwa kitambaa laini. Kazi ilikuwa ya taratibu sana, na walipokuwa wakifanya, Ismahan alimfundisha. Yai lilivyo, dogo kama punje ya ulezi. Kiwavi anavyobadilisha ngozi mara kadhaa, na kwa nini akiwa mdogo anaiga mavi ya ndege ili ndege wasimle.

"Yaani anajipaka aibu apate kuishi," Mutanu alisema.

"Ndiyo hivyo."

"Na kile kifuko kinachokuja kwa basi?"

"Ni yeye. Akishiba anatafuta kijiti, anajifunga, anavua ngozi ya mwisho. Ndani mwake anayeyuka mwili wote, mama, halafu anajengwa upya."

Mutanu aliosha jani jingine. "Mwalimu, nisikudanganye tena. Viwavi jeshi bado sijawasamehe."

Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, Ismahan alicheka. "Hao hata mimi sijawasamehe."

Ilikuwa kwenye mche wa tisa ambapo Ismahan alimshika mkono ghafla. Chini ya tawi, kati ya majani mawili, palikuwa na jani la tatu lililojikunja. Lakini halikuwa jani. Lilikuwa kifuko cha kijani, kimefungwa kwa uzi mwembamba kiunoni, kimeegemea tawi kama mtu aliyeegemea ukuta. Jivu lilikuwa mgongoni mwake. Ismahan alikipuliza taratibu, kikatikisika chenyewe.

"Mzima," alisema. "Huyu ulimwacha."

"Sikumwacha, mwalimu. Sikumwona."

"Basi tumshukuru Mungu kwa macho mabovu."

Na wakashukuru, kila mmoja kwa namna yake, wamechuchumaa mbele ya ndoo ya mlimau: Ismahan akisema alhamdulillahi kwa sauti ya chini, Mutanu mikono juu, maji yakimtiririka hadi kwenye viwiko. Kwenye miche iliyobaki walipata viwavi wadogo wanne waliojificha mahali jivu halikufika. Wanne na mmoja. Ismahan alisema hao wanatosha kuanza, na Mutanu, aliyewahi kuanza shamba zima kwa debe moja la mbegu, alijua kwamba ni kweli.

Jumamosi saa mbili asubuhi kifuko kilikuwa kimegeuka cheusi, na rangi za mabawa zilionekana kwa ndani kama nguo kwenye mfuko wa nailoni. Ismahan alikuja kumtafuta Mutanu huko nje anakofagia.

"Mama, anatoka. Njoo upesi."

Mutanu alitupa ufagio. Lakini hakukimbilia chumba cha nyuma. Alikimbilia langoni.

"Baba Muindi! Kuna mmoja amebaki. Anazaliwa sasa hivi. Njoo uone."

Musyimi alitazama barabara. "Siachi lango."

"Funga lango. Watu wa Kitui watasubiri dakika kumi, hawajawahi kufika mapema."

Musyimi alikaza midomo, lakini pembe moja ya mdomo ilimsaliti. Alifunga lango, akaweka rungu chini, akafuata hatua chache nyuma yake kama mtu aliyekuwa anaelekea huko kwa shughuli zake.

Chumbani kifuko kilikuwa kimepasuka. Kipepeo alikuwa ameshatoka nusu, mnyonge, amelowa, mabawa yake madogo kama sikio la mbuzi mchanga. Alijivuta, akakamata tawi, akaning'inia. Mabawa yakaanza kujaa. Yalifunguka polepole, kunjo baada ya kunjo, meusi yenye mkanda wa njano na macho ya buluu, na mikia miwili ikajinyoosha chini. Musyimi alivua kofia. Hakuna aliyemwambia avue.

Kisha Musyimi, akiwa bado anamtazama kipepeo, alikohoa.

"Jumanne niliamka salama," alisema.

Mutanu alimgeukia.

"Jumatano niliamka vibaya, jino liliniuma. Alhamisi salama. Ijumaa salama, ila mtoto wangu alikuwa na kikohozi. Si uliniuliza?"

"Nilikuuliza," Mutanu alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Nilikuuliza kila siku, Baba Muindi. Asante. Na leo umeamkaje?"

"Leo," Musyimi alisema, "ngoja kwanza nimwangalie huyu."